Chama na Wanaokisaidia: Simu ya Mkononi na Kuendeana

(Maneno yaliyosemwa na Sheikh mbele ya wanachama na wageni, Dzaleka, siku ya ukumbusho wa chama)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), nataka kwanza kuwashukuru wazee wa Halmashauri kwa kunipa nafasi hii. Wameniomba niseme juu ya jambo ambalo kwa kweli si fani yangu, nalo ni namna chama kama hiki chetu kinavyoweza kuwapata watu wa kukisaidia, na kuwashika wasipotee, kwa njia ya mitandao ya kijamii iliyomo katika simu za mkononi, na kwa njia ya kuonana uso kwa uso. Elimu yangu mimi ni ya chuoni na ya shule ya msingi. Mambo ya mitambo wapo vijana hapa wanaoyajua, na baadhi yao niliwafundisha alifu na bee. Lakini nilipolifikiri jambo hili niliona kwamba sehemu yake iliyo kubwa si ya mitambo asilan. Ni khabari ya watu na amana, na khabari hiyo ni ya zamani sana.

Imo katika Sahih Muslim, kwa mapokezi ya Jarir bin Abdillah (R.A.), kwamba asubuhi moja walimjia Mtume (S.A.W.) watu wa kabila la Mudhar, miguu mitupu, wamejitanda nguo za sufu, na uso wake ukageuka kwa kuuona ufukara wao. Akamwamrisha Bilal akaadhini, watu wakasali, kisha akawahutubia, akawataka kila mtu atoe alichonacho: dinari, dirhamu, nguo, kibaba cha ngano, kibaba cha tende, hata ikiwa ni nusu ya tende moja. Akatokea mtu katika Ansari na mfuko uliokaribia kumshinda kuubeba. Watu walipomwona wakafuatana, mpaka yakasimama marundo mawili, la chakula na la nguo, na uso wa Mtume ukang'aa kwa furaha.

Natamani muitazame khabari hii kwa makini, maana ndani yake mna karibu yote niliyokuja kuyasema. Wahitaji walikuwapo pale pale, watu wenye jina la kabila, wala hawakuwa khabari ya mbali. Wito ulitolewa na mtu aliyeaminiwa. Kidogo kilikubaliwa sawa na kingi. Mtu wa kwanza aliyetoa aliwavuta wengine nyuma yake. Na vitu vilivyotolewa vililundikwa mahali ambapo kila mtu aliviona kwa macho yake, wala havikuingia katika nyumba ya mtu. Simu ya mkononi, pamoja na maajabu yake yote, inaweza kutusaidia katika moja tu ya mambo haya, nalo ni kule kuita. Yaliyobaki tutayafanya wenyewe, la sivyo hayatafanyika.

Wazee wetu wa pwani waliijua kazi ya kuita kwa njia mpya. Maneno ya mtu akiyasema msikitini hayavuki ukuta, lakini ya karatasi huvuka bahari. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa karatasi yake iliyoitwa Sahifa mwaka 1930, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Hakuogopa kwamba chombo ni kigeni. Basi na sisi tusiogope. Simu haina dini, na ubaya au uzuri wake ni wa mkono unaoishika.

Tena mwaka 1945, ulipoundwa mjini Mombasa umoja wa East African Muslim Welfare Society, Agha Khan wa Tatu aliahidi kwamba kila shilingi itakayochangwa na Waislamu wengine, yeye ataitia mwenzake. Kwa mchango wa namna hiyo zikajengwa shule na misikiti katika Afrika ya Mashariki. Mimi huona kwamba nguvu ya ahadi ile haikuwa katika utajiri wa aliyeahidi peke yake. Maskini aliyetoa shilingi yake moja alijua kuwa imekwisha kuwa mbili kabla haijafika, na kwamba lau asingaliitoa ile moja, ya pili nayo isingalikuja. Alijiona kuwa ana kazi. Vyama vingi vya leo humwomba mtu fedha bila ya kumpa kazi, kisha hushangaa akichoka.

Sasa nirudi hapa petu. Kambi hii ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa watu 10,000 mpaka 12,000, na leo tumezidi 50,000, aghlabu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kila mmoja wenu anajua jinsi mgao ulivyokuwa ukipunguzwa katika miaka hii. Mwezi wa Januari mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na wako miongoni mwetu waliokuwa wakingojea safari tu. Maana yake ni kwamba misaada ile mikubwa inayotoka mbali, ambayo tulizoea kuingojea kama mvua, haina yakini tena. Mjane wa jirani yako hataulizwa na shirika kubwa kama amekula, bali ataulizwa na wewe na mimi, na na yule ndugu aliyeko ng'ambo au aliyeko Lilongwe ambaye tumeweza kumfanya awe pamoja nasi. Ndiyo sababu jambo hili si mchezo wa vijana.

Nianze na ng'ambo. Katika kambi hii wametoka ndugu zetu wengi ambao leo wako Marekani, Kanada, Australia na kwingineko. Simu zao zimejaa sauti zetu. Wengi wao wana moyo wa kutoa, tena wanaijua njia ya vumbi inayopita mbele ya msikiti, hawahitaji kuonyeshwa picha yake. Lakini fedha kutoka kwao mpaka hapa zina safari. Yale mashirika makubwa ya kuchangisha kwa mtandao, kama GoFundMe, hayaruhusu fedha zitolewe huku Malawi. Mwenye kufungua mchango hana budi awe katika nchi wanazozikubali wao. Basi lazima awepo mtu mmoja kule anayepokea, na mtu mmoja huku anayepokelewa kwa Airtel Money au kwa Mpamba, na hapa katikati ndipo vyama vinapovunjika. Si lazima pawe na wizi. Ukimya tu unatosha. Mtu ametoa dola ishirini katika mwezi wa Ramadhani, hakusikia neno mpaka Ramadhani ya pili, anapoombwa tena. Huyo hataki hesabu ya dola ishirini, maana si mchoyo. Anataka kujua kama alikuwa mtu au alikuwa mfuko.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa Bwana Katibu na vijana wake ni hili: kila anayetoa asikie sauti ya mtu anayemjua kabla hazijapita siku tatu. Nasema sauti, wala sisemi lile tangazo la shukurani linalotumwa kwa watu wote pamoja. Simu hizi zina njia ya kurekodi maneno mafupi na kuyatuma, nayo haili fedha nyingi za bando kama picha za video. Mpeleke mtu wa ukoo wake, au jirani yake wa zamani, amwambie: Ndugu yangu, kilichotoka kwako kimefika siku fulani, kimenunua magunia mawili ya unga, yametolewa kwa nyumba sita, na bibi fulani mliyekaa naye anakusalimu. Ni maneno ya nusu dakika. Nimewaona watu wakiyasikiliza maneno kama hayo mara nyingi, wakiwasikilizisha na watoto wao waliozaliwa huko, ambao hawajaiona Dzaleka. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu, na kushukuru ni kwa mtu kwa jina lake.

Neno la pili ni juu ya yale makundi ya WhatsApp. Zamani kundi moja halikuzidi watu 256, na tangu mwaka 2022 laweza kufika watu 1,024. Vijana walifurahi. Mimi sikufurahi sana. Kundi la watu elfu ni soko. Asubuhi kuna salamu, adhuhuri kuna khabari ya uwongo juu ya dawa ya kisukari, alasiri wawili wanagombana juu ya siasa za Kivu, na usiku katibu anaandika: Ndugu zangu, tunawakumbusha mchango. Nani atamsikia? Afadhali makundi madogo yenye kazi moja moja: moja la wanaosomesha yatima, moja la wanaoshughulikia maziko, moja la wanaojenga vyoo vya madrasa. Watu ishirini au thelathini wanaojuana kwa majina, na kazi inapokwisha kundi lifungwe kwa hesabu na kwa dua. Mtu akiona kazi imekwisha hupata nguvu ya kuingia katika kazi nyingine. Kazi isiyokwisha kamwe humchosha hata mwenye subira.

Hapa nimkumbushe mtu asije akasema kuwa nayadharau mambo makubwa. Mwezi wa Julai mwaka 2011, kulipokuwa na ukame mkubwa katika Turkana na pembe yote ile ya Afrika, Wakenya walianzisha mchango walioupa jina la Kenyans for Kenya, wakatuma fedha kwa M-Pesa, kila mtu kwa uwezo wake. Walijiwekea shilingi milioni 500 za kwao, wakazipita. Lilikuwa jambo la fakhari, na siri yake moja ilikuwa kwamba jumla ilikuwa ikitangazwa mbele ya watu kila ilipoongezeka, kama yale marundo mawili ya Madina. Lakini mchango wa namna ile ni wa taifa zima na wa siku ya msiba. Chama cha mtaa hakiishi kwa msiba. Hakika kikiwa kinaishi kwa misiba, kitaanza kuitamani.

Na hili linanileta katika jambo ambalo limenikaa moyoni zaidi kuliko mengine, nalo ni picha.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1984, mwana wa Afrika ya Mashariki, Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Tanganyika, alikwenda Korem katika nchi ya Uhabeshi pamoja na Michael Buerk wa BBC, akazipiga picha za watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Picha zile zilionyeshwa taarikhi 23 ya mwezi huo, na dunia ikasimama. Waimbaji wa Ulaya na Marekani wakaimba, na mwaka 1985 likafanywa tamasha kubwa la Live Aid London na Philadelphia, zikapatikana fedha nyingi mno. Hapana shaka kwamba watu wengi waliponyeka kwa sababu ya mkono wa yule bwana. Alifariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na visiwa vya Ngazija, Mungu amrehemu.

Lakini tangu siku zile kila mwenye chama, mkubwa na mdogo, amejifunza kwamba machozi huleta fedha, na sasa kila mtu ana kamera mfukoni. Mohamed Amin alipiga picha za maafa ambayo dunia ilikuwa haiyajui. Sisi tunapiga picha ya nini? Tunampa bibi kizee kilo tano za unga, kisha tunamsimamisha juani akamate mfuko na bango la chama, acheke, na picha inakwenda kwa watu elfu kabla hajafika nyumbani kuupika. Wajukuu wake wanaiona. Waliokuwa jirani zake huko Uvira wanaiona, nao walimjua akiwa na duka lake. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 271, amesifu sadaka ya dhahiri, na akasema kuwa kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Na katika aya ya 264 ametuonya tusiibatilishe sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Ulamaa wameeleza kwamba ya dhahiri ina faida ya kuwavuta wengine, kama yule Ansari. Kweli. Lakini aliyejidhihirisha pale alikuwa mtoaji! Sisi tumemficha mtoaji, tumemdhihirisha mpokeaji. Tumegeuza mambo.

Tena kwetu sisi wakimbizi liko jambo lililo zito kuliko haya. Mtu hakuja Dzaleka kwa kutembea. Wako hapa waliokimbia kwa sababu ya jina lao, au ya ukoo wao, au ya neno walilolisema. Picha ya mtu kama huyo, pamoja na jina lake na jina la mtaa wake, ikitiwa katika Facebook na kijana mwenye nia njema kabisa, inaweza kuonwa na yule yule aliyemkimbia. Mwaka 2024 nchi hii ya Malawi iliweka sheria ya kulinda khabari za mtu binafsi. Vijana wa chama waisome. Lakini hata kabla ya sheria, amana ilikuwapo.

Nitawapa mfano, wala sitamtaja mtu. Ulitokea wakati wakaja wageni wa chama kimoja cha ng'ambo katika madrasa moja ninayoijua vizuri. Walikuwa watu wapole. Wakawapiga watoto picha za video wamekaa chini, wakasema zitaleta madawati. Picha zilikwenda, na ndugu zetu walioko mbali waliziona na kutupigia simu. Madawati hayakuja. Mwaka wa pili tulipowataka wazazi walete watoto kwa jambo jingine kabisa, la kupimwa macho, zaidi ya nusu walikataa. Mama mmoja aliniambia: Sheikh, mwanangu amekwisha kuuzwa mara moja. Sikuwa na jawabu.

Basi tuonyeshe nini? Tuonyeshe kitu na kazi. Gunia juu ya mizani, uzito wake uonekane. Risiti ya duka. Ukuta ulipofika leo na ulipofika mwezi uliopita. Mikono ya fundi. Na akiwapo mtu anayetaka kusimama mwenyewe na kueleza maisha yake kwa ulimi wake, akijua maneno yake yatakwenda wapi na nani atayasikia, na akipewa nafasi ya kusema hapana hata baada ya kukubali, huyo ni mwenye khabari yake, na apewe heshima ya msemaji.

Wako hapa hapa Dzaleka walioonyesha njia ya namna hii. Mshairi na mwanamuziki wa Kikongo, Menes La Plume, alianzisha mwaka 2014 tamasha liitwalo Tumaini, ambalo watu wa Lilongwe na wa nchi za mbali hulijia ndani ya kambi. Mimi sikuja hapa kutoa hukumu ya ngoma na vinanda, kila mtu anajua rai yangu. Nataka mtazame jambo moja tu: wageni wanaotaka hulala katika nyumba za watu wa kambi, wakala chakula chao, wakazungumza nao usiku. Mtu aliyezoea kuitwa mhitaji akawa mwenyeji. Yeye ndiye anayesema: Karibu, keti, kula. Na yule mgeni akirudi mjini hasemi tena "wakimbizi wa Dzaleka". Anasema "yule baba niliyelala kwake". Sijui mtambo unaoweza kufanya kazi hiyo.

Kutoka hapa mpaka Lilongwe hazifiki kilomita 50, lakini ninyi mnajua kwamba kwa wengi wetu ni mbali kuliko Marekani. Tangu mwaka 2023, Serikali ilipowarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakikaa mijini, hatuwezi kwenda na kurudi kama tupendavyo. Basi ikiwa sisi hatuwezi kwenda kwa urahisi, na tuwaite. Tuwaite kwa jambo lililo jema na la furaha, kama Maulidi, kuhitimisha watoto, au futari, si kwa kuombwa tu. Wafanyabiashara wa Kiislamu wa Lilongwe, walimu, na wale wanaofanya kazi katika maofisi ya Capital Hill, wengi wao wamepita kwenye barabara ya Dowa miaka nenda miaka rudi bila ya kukunja kona. Hawakukataa kuja. Hawakualikwa.

Nimesema Capital Hill, na nataka nieleweke. Sisemi mtafute mtu wa kuwapitishia karatasi kwa mlango wa nyuma, hiyo ni hongo na ni haramu. Nasema kwamba anayekisaidia chama si mwenye fedha peke yake. Yuko karani ambaye ataweza kukueleza barua yako ina upungufu gani kabla haijarudishwa. Yuko muuguzi atakayekuja siku moja katika mwezi. Yuko mwanasheria kijana atakayekusomea ile Sheria ya mashirika yasiyo ya serikali ya mwaka 2000, iliyorekebishwa mwaka 2022, ili ujue chama kinatakiwa kuwa na nini kabla ya kumwomba mtu mchango. Watu hawa huombwa fedha kila siku. Mkimwomba mtu elimu yake, mmemheshimu.

Na mkizungumza na wenyeji wa nchi hii, semeni nao Kichewa. Kiswahili si mgeni Malawi, maana Jumbe Salim bin Abdallah alikaa Nkhotakota tangu karibu mwaka 1840, na Waislamu wa Kiyao kandokando ya ziwa wanayo maneno mengi ya pamoja nasi. Lakini anayepewa shukurani kwa lugha ya mama yake huipokea kwa moyo. "Zikomo kwambiri" iliyotamkwa vibaya na Mrundi ni tamu kuliko hotuba ndefu ya Kiingereza. Ujumbe wa simu unaokwenda Salima au Mangochi uandikwe kwa lugha ya huko, na uandikwe kwa wakati wake. Wakulima huvuna mahindi mwezi wa Aprili na wa Mei. Wakati huo kibaba cha mahindi ni kitu chepesi kwa mtu kutoa. Sisi hungoja mpaka Januari, njaa imeingia kila nyumba ya Malawi, ndipo tunapotuma maneno ya huruma. Tumwombe mkulima mahindi anapoyashika mkononi, tuyaweke ghalani.

Iko hatari nyingine ya simu ambayo sina budi kuitaja. Wako matapeli wanaojitia kuwa masheikh. Huchukua picha ya mtu, wakaiweka katika namba yao, wakawaandikia watu kwamba pana mgonjwa mahututi, tuma haraka. Chama kikiwa na tabia ya kuomba kwa haraka na kwa kubadili namba, kimewafungulia wezi mlango. Namba ya kupokelea mchango iwe moja, itangazwe msikitini na mkutanoni, iandikwe ukutani, na waifungue watu wawili pamoja. Na tuwafundishe wanaotusaidia hivi: ukipata ujumbe wenye jina langu unaokutaka fedha, usitume, nipigie. Anayeweza kukupigia na akasikia sauti yako hatapeliwi kwa urahisi. Asiyekujua ila kwa picha, atatapeliwa kwa picha.

Mwisho nataka kusema juu ya siku ambazo hatuombi kitu. Mnaona jinsi chama chetu kinavyopendwa na watu ambao hata si wanachama. Sababu ni moja: maziko. Mtu akifa hapa, awe wa Buyenzi au wa Kasongo, awe na ndugu au hana, vijana wa chama wapo na majembe kabla hajaoshwa. Hatukuweka jambo hilo kwa ajili ya kupata watu, wala Mungu asituonyeshe siku ya kulifanya kwa sababu hiyo. Lakini tulipande na kwa wale walio mbali. Ndugu yetu aliyeko Lilongwe akifiwa, aende mjumbe mwenye ruhusa. Aliyeko Kanada akifiwa, tumsalie maiti wake ghaibu, tumtumie sauti ya dua ya watu wote wakiitikia. Mwenye kuzaliwa mtoto apigiwe simu. Mzee wa mjini aliyekuwa akitupa mchele, na sasa biashara yake imeanguka, aendewe zaidi kuliko alipokuwa nacho, kwa kuwa sasa yeye ndiye mhitaji, na akiachwa atajua tulikuwa tukitafuta nini kwake.

Bwana Mwenyekiti, nina maombi matatu kwa Halmashauri, na nimeambiwa kwamba yanaweza kuamuliwa leo. La kwanza, picha zote za wapokeaji zilizomo katika ukurasa wa chama ziondolewe mpaka kila mwenye picha aulizwe, na asiyepatikana yake isirudishwe. La pili, yateuliwe majina ya watu kumi, watano wanaume na watano wanawake, ambao kazi yao itakuwa kuwapigia simu waliotoa mchango, kila mtu watu wasiozidi kumi na watano, wala wasiwaombe kitu. Mama zetu watalifanya jambo hili vizuri kuliko sisi, nalisema mbele yao. La tatu, wageni wetu waliokuja leo kutoka mjini wasirudi kabla ya kula. Zimetengwa nyumba saba, na katika kila nyumba yuko mwenyeji anayewangoja wawili au watatu. Katibu anayo karatasi ya majina, iko mezani pale karibu na mlango. Tafadhalini mpite kwake sasa, kwani adhuhuri imekaribia na chakula kimekwisha kuiva.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.